Mkubwa Akisema Mshahara Ni wa Benki Tu: Mwongozo Kamili kwa Mfanyakazi

Swali ni lile lile kila mwisho wa mwezi, liwe limetoka kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, viwanda vya Nakuru au hoteli za Kisumu: "Kampuni imesema kuanzia mwezi ujao hakuna pesa mkononi, kila mtu alete akaunti. Wanaweza kunilazimisha?"

Na kosa nalo ni lile lile. Mtu anagoma kuleta akaunti, mshahara unakwama, kodi ya nyumba inafika, kisha anatia sahihi fomu ya kwanza aliyosukumiwa mezani bila kuisoma. Amepoteza mara mbili: pesa zimechelewa, na akaunti iliyoandikwa pale si yake ya kuchagua.

Jibu fupi ni hili. Mwajiri anaruhusiwa kulipa mshahara kupitia benki. Asichoruhusiwa ni kukuchagulia akaunti. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinataka mshahara wako wote ulipwe kwako wewe mwenyewe, kwa shilingi za Kenya: kwa pesa taslimu, au kwenye akaunti ya benki uliyoitaja wewe, au kwa hundi au hawala ya posta yenye jina lako. Hakuna mahali kinaposema kwamba anayetaka noti lazima apewe noti. Lakini akaunti ni ile mfanyakazi aliyoitaja. Hapo ndipo pa kusimamia. Kubishania noti ni kupoteza nguvu.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Ukiruka ya pili ukakimbilia ya nane, afisa wa leba, yaani afisa wa kazi wa serikali, atakurudisha nyumbani ukatafute karatasi.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Kitambulisho cha kitaifa na nakala zake mbili, pamoja na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi.
- Mkataba au barua ya kuajiriwa. Kama hukupewa, tafuta kadi ya kazi, jumbe za msimamizi kwenye simu, au picha ya daftari la mahudhurio lenye jina lako.
- Slipu za mshahara za miezi mitatu iliyopita. Kama ulikuwa unalipwa kwa simu, chukua statimenti ya M-Pesa ya miezi hiyo.
- Tangazo lenyewe la mabadiliko. Lipige picha likiwa bado ukutani. Kama lilitolewa kwa mdomo, andika tarehe, mahali na aliyelitoa.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Piga *106# uone laini zilizo chini ya kitambulisho chako. Wengi hugundua siku hiyo kwamba laini wanayotumia miaka yote ni ya shemeji.
- Daftari dogo na kalamu.

Sheria yenyewe inasomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Soma kifungu cha 17 hadi cha 20.

## Hatua ya 1: Jua umeajiriwa kama nani, na nani

Njia ya kulipa haibadilishi siku ya kulipwa. Kibarua wa siku hulipwa siku inapoisha. Aliyeajiriwa kwa kipindi kisichozidi mwezi hulipwa kipindi kinapoisha. Wa mwezi hulipwa mwisho wa mwezi.

Mtego uko hapa: vibarua wa siku wanaambiwa wafungue akaunti, halafu wanasikia, "sasa kwa vile ni benki, mtalipwa tarehe thelathini." Hapana. Kama mwajiri anataka kuwalipa kwa benki, azitume siku hiyo hiyo. Akishindwa, noti zipo. Na kama kibarua amefanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake inafika mwezi, kifungu cha 37 kinamhesabu kuwa mfanyakazi wa mwezi, na haki nyingine zinafuata.

Angalia pia nani hasa mwajiri wako. Siku hizi unaweza kufanya kazi ndani ya geti la kampuni moja huku umeajiriwa na wakala wa kuleta wafanyakazi. Barua utakayoandika iende kwa yule anayelipa.

Umefaulu ukiweza kuandika sentensi hii bila kukwama: "Nimeajiriwa na fulani tangu tarehe fulani, kazi yangu ni hii, na nalipwa kila siku au kila mwezi."

## Hatua ya 2: Tafuta kipengele cha malipo kwenye mkataba

Kama mkataba uliotia sahihi unasema mshahara utalipwa benki, ulishakubali. Ruka uende hatua ya tatu, kwa sababu bado haki ya kuchagua akaunti ni yako.

Kama mkataba unasema pesa taslimu, au hausemi kitu, na mwajiri anataka kubadilisha, sheria haimruhusu kubandika tangazo tu akaondoka. Kifungu cha 10 kinasema masharti ya kazi yanapobadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, arekebishe mkataba, na amjulishe kwa maandishi. Kushauriana ni kukaa na kusikilizana. Kwa hiyo una nafasi ya kuuliza: ni lini, kwa nini, na ada nani atalipa?

Walio kwenye chama waulize mwakilishi wao kazini awaonyeshe mkataba wa pamoja wa chama na mwajiri. Chama cha wafanyakazi wa mashambani, KPAWU, kina makao yake makuu hapa Nakuru, na mashamba mengi ya chai na maua yana mikataba ya namna hiyo. Mara nyingine utakuta suala la njia ya malipo lilishakubaliwa kwa niaba yenu kabla hujaajiriwa.

Tahadhari: usiache kazi wala usikae nyumbani kwa sababu ya ugomvi huu. Kukosa kazini bila ruhusa ni moja ya sababu ambazo sheria inamruhusu mwajiri kukufuta papo hapo. Utakuwa umempa sababu aliyokuwa akiitafuta.

## Hatua ya 3: Chagua akaunti yako mwenyewe

Hii ndiyo hatua watu huipitia mbio, na ndiyo inayowaumiza.

Benki iliyoletwa na kampuni. Maafisa wa benki wanakuja saa ya chakula, wanapanga meza kando ya jikoni, wanagawa kalamu na fomu. Si vibaya. Kampuni hupenda wafanyakazi wote wawe benki moja kwa kuwa kutuma ni rahisi na huenda ni bure. Lakini kukubali ni hiari. Sheria hiyo hiyo inamkataza mwajiri kukuwekea mipaka ya jinsi unavyotumia mshahara wako, au kukulazimisha uupeleke mahali ambapo yeye ana faida.

Maoni yangu: kama benki ile ina wakala karibu na kwako na huna akaunti nyingine, ichukue. Usipigane kwa sababu ya kiburi. Pigana kama una akaunti nzuri tayari na wanakwambia "hiyo hatuitumii".

Wakala na pesa taslimu. Usiulize benki ina matawi mangapi Nairobi. Uliza kama wakala wa karibu, awe Karagita, Kondele au Ahero, hubaki na pesa taslimu siku ya mshahara. Mahali ambapo shamba zima linalipwa siku moja, kufikia saa kumi na moja jioni wakala ameandika "hakuna pesa" kwenye kadibodi, na foleni ya ATM imezunguka jengo. Akaunti ambayo unaweza kutoa kupitia mawakala wa aina mbili tofauti, au kuhamishia kwa simu, inakuondoa kwenye foleni hiyo.

Madeni ya zamani. Kama una mkopo uliochelewa kwenye benki fulani, usipeleke mshahara huko kabla ya kuzungumza nao. Pesa zikiingia, benki itajichukulia deni lake kwanza. Akaunti iliyolala muda mrefu nayo iamshe kabla ya siku ya mshahara. Ikiwa imefungwa, malipo yatarudi yalikotoka na utangoja siku kadhaa.

M-Pesa. Orodha ya kifungu cha 17 iliandikwa mwaka 2007, M-Pesa ikiwa ndiyo kwanza imezinduliwa, na haikutajwa. Kwa hiyo mshahara wa kwa simu ni jambo la kukubaliana, na makubaliano hayo yawe kwa maandishi. Kwa wengi ni njia nzuri kuliko benki. Hata hivyo, kumbuka Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa unaojikata pesa zikiingia. Tuseme mshahara wako ni 15,000 na una deni la Fuliza la 4,000. Ujumbe ukiingia, deni linakatwa hapo hapo, na unaanza mwezi na 11,000. Mwajiri hajakudhulumu hata senti, amekulipa zote. Watu wamefika ofisi ya leba na lalamiko la namna hii wakarudi wamenyamaza. Lipa Fuliza kwanza, au taja akaunti ya benki.

Akaunti ya mtu mwingine. Nitakaa hapa kidogo. Kuna mahali ambapo pesa za kikundi kizima hutumwa kwenye simu ya nyapara, kisha yeye anagawa. Anasema mtandao ulisumbua, anakata "ya kutoa", anabaki na mia moja ya kila mtu, na ambaye hamwamkii vizuri hulipwa kesho yake. Sheria inasema mshahara ulipwe kwako. Mtu mwingine anaweza kuupokea tu kama haupo na umemruhusu kwa maandishi. Nyapara kuwa na orodha ya majina si ruhusa.

Vivyo hivyo kwa upande wako. Ukiugua ukamtuma mke au ndugu akuchukulie, andika barua fupi yenye jina lake, nambari ya kitambulisho chake, mwezi husika na sahihi yako. Taja mwezi mmoja tu. Barua isiyo na mwezi inaweza kutumika hata baada ya ninyi kukosana.

Kadi ya ATM. Usimwachie mkopeshaji kadi yako na nambari ya siri kama dhamana. Tunajua inafanyika, na tunajua kwa nini. Lakini ukishafanya hivyo mshahara wako si wa benki wala wa mwajiri wala wako. Kama kadi ipo huko tayari, nenda benki uifunge na uombe nyingine. Deni utalilipa kwa njia nyingine.

Huna kitambulisho bado. Hutaweza kufungua akaunti, na hilo si sababu ya kunyimwa mshahara. Omba kwa maandishi ulipwe taslimu hadi kitambulisho kitoke, na ambatisha nakala ya karatasi ya kungojea.

Umefaulu ukiwa na akaunti iliyo hai, yenye jina linalofanana herufi kwa herufi na kitambulisho, ambayo umeweka shilingi mia moja na kuzitoa bila shida.

## Hatua ya 4: Itaje akaunti kwa maandishi

Kumwambia msimamizi kwa mdomo hakukusaidii. Siku ya shauri atasema hakumbuki, na huenda kweli hakumbuki. Andika barua hii, nakala mbili:

> Tarehe: ………
>
> Kwa Meneja,
> Kupitia kwa Msimamizi wa Idara.
>
> KUH: AKAUNTI YA KULIPIA MSHAHARA WANGU
>
> Bwana/Bibi,
>
> Kufuatia tangazo la tarehe ……… kuhusu kulipwa kupitia benki, ninakubali kulipwa kwa njia hiyo. Kulingana na kifungu cha 17 cha Sheria ya Ajira, akaunti ninayoitaja ni hii:
>
> Jina la akaunti: ………
> Benki na tawi: ………
> Nambari ya akaunti: ………
>
> Ninaomba mshahara wangu wote ulipwe humo kuanzia mwezi wa ………, bila ada ya kutuma kukatwa kwangu. Sijamruhusu mtu mwingine yeyote kupokea mshahara wangu.
>
> Wako mwaminifu,
> Jina, nambari ya kazi, sahihi

Peleka mwenyewe. Nakala moja wabaki nayo, nyingine wagonge muhuri au waandike "imepokewa", tarehe na jina. Kama wanakataa kutia sahihi, usizozane. Piga picha barua, itume kwa WhatsApp au barua pepe ya ofisi, na uandike daftarini saa na jina la aliyekataa.

Angalia lugha ya barua. Haisemi "nakataa". Inasema nimekubali njia yenu, na akaunti yangu ni hii. Ni vigumu sana kwa meneja kuonekana ana haki akikataa barua ya aina hiyo.

Kagua tarakimu. Soma nambari ya akaunti kwa sauti, mwenzako akifuatisha kwenye kadi. Pesa zikienda kwa mgeni kwa sababu kampuni ilikosea kuandika, mzigo ni wao. Zikienda kwa sababu wewe ulikosea, kuzirudisha ni safari ndefu.

## Hatua ya 5: Soma fomu yao kabla ya sahihi

Kampuni nyingi zitakupa fomu yao pia. Jaza, ila tafuta mistari ya aina hii:

- "Ninaidhinisha kampuni kukata gharama zozote zinazohusiana na malipo."
- "Kampuni inaweza kubadilisha benki bila taarifa."
- "Ninakubali mkopo au bima ya …" Fomu ya mshahara na fomu ya bima haziketi kwenye karatasi moja kwa bahati.

Sababu ya kuogopa mistari hii: kifungu cha 19 kinaorodhesha makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kufanya, na ada ya kutuma mshahara haimo. Lakini kifungu hicho hicho kinaruhusu makato ambayo mfanyakazi mwenyewe ameomba kwa maandishi, mradi mwajiri hana faida yake humo. Sahihi yako kwenye mstari usiousoma inaweza kugeuka kuwa ndiyo ombi lenyewe.

Futa kwa kalamu mstari usioutaka, tia sahihi fupi kando yake, kisha tia sahihi chini. Piga picha ukurasa wote. Ukiharakishwa, sema kwa upole: "Bosi, nipe hadi kesho asubuhi nisome." Hakuna mshahara unaoharibika kwa usiku mmoja.

## Hatua ya 6: Mshahara wa kwanza, hesabu mpaka shilingi ya mwisho

Mwezi wa kwanza ndio wa kugundua makosa. Baada ya miezi sita, kosa limeshakuwa desturi.

Chukua slipu na ujumbe wa benki uviweke sambamba. Mfano wa mtu anayelipwa 18,000 kabla ya makato:

- Bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75: 495
- Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5: 270
- Akiba ya uzeeni ya NSSF, asilimia 6: 1,080
- Ushuru wa mapato: hakuna, kwa sababu nafuu ya 2,400 kwa mwezi inaufuta wote

Makato yote ni 1,845. Ujumbe wa benki unatakiwa kusema 16,155.

Sasa ujumbe ukisema 16,100, uliza zile 55. Usione haya. Kwa mtu mmoja ni nauli ya bodaboda, lakini kwa wafanyakazi mia mbili ni shilingi 11,000 kila mwezi, na kuna mtu anajua ziliko. Kama jibu ni "ada ya kutuma", rudi kwenye barua yako ya hatua ya nne. Ada ya *kutoa* pesa kwa wakala ni jambo jingine. Hiyo hutozwa wewe, isipokuwa mmekubaliana kampuni iiongeze. Waajiri wengine huiongeza wakiombwa na kikundi, hasa wanapotoka kwenye noti kwenda kwa simu.

Kumbuka kanuni ya theluthi pia. Hata ukiwa na mkopo wa Sacco, karo na mengineyo yote yanayokatwa na mwajiri, makato yasizidi theluthi mbili za mshahara. Theluthi moja lazima ikufikie.

Slipu ni haki yako chini ya kifungu cha 20, ipewe kabla ya malipo au wakati wa malipo. Haimhusu kibarua, anayelipwa kwa kipimo cha kazi, au aliyeajiriwa kwa muda usiozidi miezi sita. Nyinyi mlio kwenye kundi hilo, wachuma chai wa Kericho mnaolipwa kwa kilo na wakata miwa wa Muhoroni na Chemelil, slipu yenu ni lile daftari dogo. Andika kila jioni: tarehe, kilo au mistari, aliyepima. Daftari lililoandikwa siku kwa siku, likiwa na tope na kalamu za rangi tofauti, huaminika kuliko hesabu safi iliyoandikwa usiku mmoja.

Umefaulu ikiwa jumla imelingana, tarehe ni ile ya kawaida, na jina la mtumaji ni la mwajiri wako, si la nyapara.

## Hatua ya 7: Pesa zikikosa kuingia

Usianze na kelele. Anza na swali moja: "Naomba nambari ya muamala." Malipo yoyote ya benki au simu huacha nambari. Wakiwa nayo, benki yako inaweza kuitafuta. Wakikosa, basi pesa hazikutumwa, na mazungumzo yamefupishwa.

Kama walituma kwenye nambari ya M-Pesa isiyo yako, aliyetuma ndiye anayeanzisha kurudisha, kwa kuupeleka ule ujumbe kwa 456. Wewe huwezi kumfanyia. Mwambie afanye mara moja, kabla mpokeaji hajazitoa.

Baada ya hapo andika barua ya pili, fupi: mshahara wa mwezi fulani haujaingia kwenye akaunti niliyoitaja, naomba ulipwe kufikia tarehe fulani. Nakala, muhuri, daftari.

Wakisema "tutakulipa kwa dirisha la wakala pale klabu", jua kwamba sheria inakataza kulipa mshahara mahali pombe inapouzwa, isipokuwa kwa wanaofanya kazi hapo. Na kama duka la vitu ni la mkubwa na mshahara unakuja kama vocha ya duka hilo, hiyo ni marufuku ya waziwazi.

Mfanyakazi wa nyumbani naye yumo kwenye sheria hii. Mama mwenye nyumba akisema, "Pesa zako ninakuwekea, utazipata ukienda nyumbani Disemba," hakuna akaunti hapo. Mwambie kwa heshima: "Mama, nashukuru, lakini naomba unitumie kwa simu yangu kila mwezi, nitajiwekea."

## Hatua ya 8: Ofisi ya leba

Tarehe uliyowapa ikipita, nenda ofisi ya kazi ya kaunti yako. Kulalamika ni bure. Atakayekuomba kitu kidogo cha kufungua faili anakuibia. Kama hujui ofisi iko wapi, uliza Huduma Centre.

Nenda asubuhi na bahasha yenye vitu hivi kwa mpangilio wa tarehe: kitambulisho, mkataba au ushahidi wa kazi, tangazo la mabadiliko, barua yako ya kutaja akaunti, slipu, statimenti, na barua ya pili. Ukiulizwa shida ni nini, usianze na mwaka ulioajiriwa. Sema: "Nilitaja akaunti tarehe hii, mshahara wa mwezi huu wa kiasi hiki haujaingia, nakala ni hizi." Nusu dakika. Afisa ana watu ishirini kwenye benchi nje.

Mara nyingi afisa humwandikia mwajiri au humpigia simu, kisha huwaita pande zote mbili. Mengi huishia hapo, kwa sababu mwajiri anajua kifungu cha 25: kutolipa mshahara kama sheria inavyotaka ni kosa la jinai, lenye faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Hofu ya kawaida ni kufutwa kwa kushtaki. Kifungu cha 46 kinasema kumshtaki mwajiri si sababu halali ya kumfuta mtu, labda lalamiko liwe la ovyo lisilo na msingi. Ndiyo maana karatasi zako ziwe safi. Ukifutwa hata hivyo, una miezi mitatu ya kupeleka lalamiko la kufutwa kwa afisa wa leba. Ihesabu kutoka siku ya barua ya kufutwa.

Nenda wawili au watatu kama tatizo ni la wengi, kila mmoja na bahasha yake. Lalamiko la "sisi wote" lisilo na jina la mtu hata mmoja halifunguliwi faili.

## Hatua ya 9: Mahakama

Leba ikishindwa kuwapatanisha, kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo inakaa Nakuru, Kisumu, Kericho, Eldoret na Bungoma. Kama mshahara wako kwa mwezi hauzidi 80,000 kabla ya makato, kesi husikilizwa na hakimu wa mahakama ya chini aliyeteuliwa kwa kesi za kazi.

Muda wa kushtaki ni miaka mitatu. Usiungoje, maana mashahidi huhamia mashamba mengine. Jambo moja linakusaidia: mwajiri anatakiwa kuweka rekodi za masharti ya kazi yako hadi miaka mitano baada ya wewe kuondoka, na akishindwa kuleta mkataba mahakamani, mzigo wa kuthibitisha masharti unahamia kwake. Kwa hiyo hata ambaye hakuwahi kupewa mkataba anaweza kwenda, mradi ana lile daftari, ile statimenti, na nakala ya barua yenye muhuri.